Mkorogo ukivuka mpaka, mtoto tumboni ndiye hulipa

Na Mwandishi Wetu, Kigali

NENO lenyewe halihitaji mkalimani. Ukilitaja Kariakoo, Owino, Gikomba au hapa Nyamirambo, kila mtu anajua unachozungumzia. Wanyarwanda wamelichukua kutoka kwenye Kiswahili wakaliita mukorogo, na maana yake haikubadilika njiani: krimu, losheni na sabuni za kung'arisha ngozi, ambazo mara nyingi huchanganywa kwenye kopo moja bila mnunuzi kujua kilichomo.

Bidhaa nayo imesafiri kama neno lake. Imepita katikati ya vitenge, ndani ya mabegi ya nguo na chini ya viti vya mabasi yanayoingia stendi ya Nyabugogo kutoka pande zote za ukanda huu. Walioibeba ni wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kwa mzigo wa aina hii, wengi wamezoea kuhesabu hasara moja tu: kukamatwa. Lakini ipo hasara nyingine ambayo haiandikwi kwenye fomu ya forodha. Katika baadhi ya makopo hayo mna zebaki, na zebaki ikishaingia katika mwili wa mjamzito inaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Mfanyabiashara anaweza kuwa ndiye mama huyo. Kama si yeye, basi ni mteja wake.

Kigali ilivyofunga mlango

Rwanda imekuwa kali kuhusu bidhaa hizi kwa miaka kadhaa. Mwishoni mwa Novemba 2018, Rais Paul Kagame alijibu kupitia mtandao wa kijamii malalamiko ya raia kuhusu kujichubua. Alisema jambo hilo ni hatari kwa afya na kwamba linahusisha kemikali zilizopigwa marufuku, akaitaka Wizara ya Afya na Polisi ya Taifa kulishughulikia haraka. Wiki zilizofuata, polisi na maofisa wa viwango na dawa walipita madukani na sokoni wakikusanya makopo.

Sheria ilikuwa tayari ipo. Kifungu cha 266 cha sheria ya makosa na adhabu ya Rwanda ya mwaka 2018 kinamgusa anayetengeneza au kuuza vipodozi vyenye madhara kwa afya. Adhabu yake ni kifungo cha kati ya mwaka mmoja na miwili, pamoja na faini ya kati ya faranga milioni 3 na milioni 5, au mojawapo ya adhabu hizo.

Kwa anayepanga meza ya vipodozi sokoni, faini hiyo inatosha kufunga biashara. Hata hivyo, mzigo haukukoma kuja. Njia za panya zipo, mitandao ya kijamii ipo, na wateja wapo. Ndiyo sababu si vibaya kueleza kwa utulivu kile ambacho msako hauwezi kueleza: zebaki inafanya nini mwilini, na kwa nini mjamzito ndiye wa kwanza kuonywa.

Hesabu ya kopo moja

Zebaki huwekwa kwenye krimu kwa sababu inafanya kazi ambayo mteja anaitaka. Chumvi zake huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi ya asili inayoikinga dhidi ya jua. Baada ya muda ngozi huanza kuwa nyeupe, na mteja hurudi kununua kopo la pili.

Mkataba wa Minamata, ambao ndio makubaliano ya dunia kuhusu zebaki, uliweka kiwango cha juu cha sehemu moja kwa milioni kwenye vipodozi. Kwa lugha ya sokoni, hiyo ni gramu moja ya zebaki katika tani nzima ya krimu. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeeleza kwamba sabuni za kung'arisha zenye zebaki huwa na takriban asilimia 1 hadi 3 ya misombo ya zebaki, na krimu asilimia 1 hadi 10.

Tupige hesabu kama tunavyopiga ya bei ya jumla. Kopo la gramu 50 lenye asilimia 3 ya zebaki lina gramu moja na nusu. Kwa kiwango cha sehemu moja kwa milioni, gramu moja na nusu ingepaswa kusambaa katika tani moja na nusu ya krimu, yaani makopo 30,000 ya ukubwa huohuo. Mteja anayelipia kopo moja anakwenda nyumbani na zebaki ya makopo 30,000.

Tena haibaki kwenye ngozi ya mtumiaji peke yake. Inapenya mwilini kupitia ngozi, inatoa mvuke unaovutwa kwa pumzi, na inahamia kwenye taulo, shuka na mikono inayomlisha mtoto. Mwaka 2010 huko Marekani, katika majimbo ya California na Virginia, wachunguzi wa afya walikuta zebaki katika miili ya watu ambao hawakuwahi kupaka krimu hizo, wakiwemo watoto. Kosa lao lilikuwa kuishi nyumba moja na aliyepaka. Mfanyabiashara anayefungua makopo na kupima kwa kijiko chumbani anamolala naye yumo katika hatari hiyo.

Daktari wa Minamata afika Ziwa Victoria

Minamata ni mji wa pwani nchini Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga majitaka yenye zebaki baharini, samaki wakaichukua, na watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Wagonjwa walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona vizuri, kusikia na kutembea.

Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto dhidi ya sumu iliyo katika damu ya mama. Lakini katika vijiji vya wavuvi walikuwa wakizaliwa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo, ilhali mama zao walionekana wazima au walikuwa na dalili ndogo tu. Miongoni mwa waliofuatilia watoto hao nyumba kwa nyumba alikuwa daktari kijana, Masazumi Harada. Mwaka 1962 ilikubalika kwamba watoto hao waliathirika wakiwa bado tumboni.

Harada na wenzake walipata ushahidi zaidi mahali ambapo Mwafrika wa Mashariki atapaelewa haraka. Sisi husema kwetu ni pale kilipozikwa kitovu. Wajapani wana desturi ya kukausha kitovu cha mtoto na kukihifadhi nyumbani. Vitovu hivyo vilivyotunzwa kwa miaka vilipopimwa, vilionyesha zebaki ambayo watoto walikuwa wameipokea kabla ya kuzaliwa.

Miaka mingi baadaye, Harada alikuja kwetu. Uchimbaji mdogo wa dhahabu kuzunguka Ziwa Victoria ulikuwa umeleta hofu kwamba zebaki ya wachimbaji ingewafikia wavuvi na walaji wa samaki. Yeye na wenzake walichukua nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa mijini, kwa sababu nywele huhifadhi kumbukumbu ya zebaki iliyopita mwilini.

Wengi walikuwa na viwango vya kawaida. Wachache walikuwa na viwango vya juu mno, na haikuwa kwa sababu ya dhahabu wala samaki. Walipoulizwa zaidi, jibu likapatikana bafuni: sabuni ya kung'arisha ngozi. Matokeo ya Tanzania yalichapishwa mwaka 1999 na ya Kenya mwaka 2001, yakitahadharisha kwamba matumizi mapana ya sabuni hizo yanaweza kuwapa watu sumu ya zebaki. Mtaalamu aliyezunguka dunia akitafuta zebaki ya viwandani na migodini aliikuta kwenye kisahani cha sabuni.

Nyingi ya sabuni za miaka hiyo hazikutengenezwa Afrika. Ulaya ilikuwa imezizuia kwa watu wake, huku baadhi ya viwanda vyake vikiendelea kuzisafirisha hadi Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku usafirishaji huo mwaka 2003. Tangu hapo utengenezaji umehamia kwingine, lakini soko limebaki lilelile.

Mpaka usio na ofisa wa forodha

Hapa inafaa kutofautisha, kwa sababu zebaki si ya aina moja. Ile ya Minamata, iitwayo zebaki ya methili, hupita kwenye kondo la nyuma kwa urahisi mkubwa. Vipimo vimeonyesha kwamba damu ya kitovu kwa wastani huwa na zebaki hiyo nyingi kuliko damu ya mama mwenyewe, kiasi cha mara 1.7. Mvuke wa zebaki, kama ule unaotoka mchimbaji anapochoma dhahabu, nao hupita kwa urahisi.

Zebaki ya kwenye krimu na sabuni ni chumvi. Hiyo hupita kwa shida zaidi, na sehemu kubwa hunaswa kwenye kondo la nyuma. Lakini kunaswa huko si habari njema tupu. Kondo la nyuma ndilo linalompa mtoto hewa, chakula na maji. Zebaki hushikamana na protini na kuvuruga kazi za chembe hai, na inapojikusanya mahali hapo kuna hofu kwamba inadhoofisha kiungo kilekile anachokitegemea mtoto ili akue. Kiasi kinachofanikiwa kupita humkuta mtoto ambaye ubongo na figo zake bado vinajengwa. Na baada ya kuzaliwa, chumvi hizo huweza kumfuata kupitia maziwa ya mama.

Je, mtoto huzaliwa mdogo? Utafiti haujatoa jibu moja. Baadhi ya tafiti zimeona watoto wa mama wenye zebaki nyingi wakizaliwa na uzito mdogo au vichwa vidogo, na nyingine hazikuona tofauti. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba zebaki huharibu mfumo wa neva unaokua na figo, na kwamba hakuna faida yoyote ambayo mtoto anaipata kwayo.

Kisa kimoja kilichoandikwa mwaka 1987 na madaktari wa Ubelgiji kinatuhusu moja kwa moja. Mtoto mweusi wa miezi mitatu alikutwa na mtoto wa jicho, upungufu wa damu na hitilafu katika figo. Damu na mkojo wake vilikuwa na zebaki nyingi. Mama yake alikuwa ametumia kwa wingi sabuni yenye zebaki wakati wa ujauzito na katika mwezi mmoja wa kunyonyesha. Madaktari walihitimisha kwamba huenda sumu hiyo ndiyo chanzo.

Kwa mama mwenyewe, onyo lilitolewa mapema zaidi, tena karibu nasi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliwachunguza watu wazima 60 waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Miongoni mwa walioacha krimu, wapo waliopona.

Zebaki pia haiko peke yake kwenye kopo. Mkorogo mwingi una haidrokwinoni au dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo hospitalini hutolewa kwa uangalizi. Huko Dakar, Senegal, watafiti waliwafuatilia wajawazito 99 na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Wanawake 68 kati yao walitumia vipodozi vya kung'arisha wakiwa na mimba. Kwa ujumla, matokeo ya uzazi hayakutofautiana kati ya watumiaji na wasiotumia. Lakini waliotumia steroidi kali walikuwa na kondo la nyuma dogo zaidi, na walizaa kwa kiwango kikubwa zaidi watoto wenye uzito pungufu, yaani chini ya kilo mbili na nusu. Kwa kuwa lebo za mkorogo haziaminiki, mjamzito hawezi kujua ni kipi kati ya hivyo anachojipaka.

Mzigo wenyewe unasemaje kisheria

Wapo wanaodhani ukali huu ni wa Rwanda peke yake, na kwamba krimu ikishapita Gatuna, Rusumo, Kagitumba au Rubavu imekwisha kuwa halali. Sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la pili, inataja sabuni na vipodozi vyote vyenye zebaki miongoni mwa bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Viko katika orodha moja na fedha bandia na dawa za kulevya. Kifungu cha 200 kinaweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo inayotozwa ushuru, au vyote viwili.

Utaratibu rahisi wa biashara, ule unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000 kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, haubadilishi jambo hilo. Cheti kinathibitisha bidhaa imetoka wapi. Hakiigeuzi bidhaa iliyokatazwa kuwa halali.

Duniani nako mlango umezidi kubana. Rwanda ilijiunga na Mkataba wa Minamata mwaka 2017, mwaka uleule ulipoanza kutumika. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023, nchi wanachama ziliondoa hata ule msamaha wa sehemu moja kwa milioni, zikakubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome kufikia 2025.

Kabla hujatoa fedha

Mwenye duka la jumla hatakuambia kwamba krimu yake ina zebaki, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui. Lakini kopo linaweza kukusemesha.

Kwanza, tafuta majina. Kwenye lebo ya Kiingereza zebaki huitwa mercury, kwenye ya Kifaransa mercure. Huweza pia kujificha nyuma ya herufi Hg, au maneno calomel, mercuric iodide, mercurous chloride na ammoniated mercury.

Pili, soma maonyo. Krimu inayokuambia usiiguse na dhahabu, fedha, alumini au vito inakupa siri yake, maana zebaki huharibu metali hizo.

Tatu, ikiwa hakuna orodha ya viambato, hakuna jina la mtengenezaji wala anwani, au lebo imeandikwa kwa lugha ambayo wewe na mteja wako hamuisomi, acha. Bidhaa isiyo na mwenyewe haina wa kukutetea mpakani.

Nne, usiwe na imani na rangi wala harufu. Zebaki kwenye krimu haionekani kwa macho. Maabara ndiyo inayoipima. Hapa Kigali, wa kuulizwa ni Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, inayojulikana kama Rwanda FDA. Kuuliza kabla ya kununua ni nafuu kuliko kueleza baada ya kukamatwa.

Ukiwa wewe ndiye mjamzito

Kipimo cha zebaki si sehemu ya vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito. Muuguzi atapima presha, damu na mkojo. Akikuta protini kwenye mkojo, atafikiria kwanza kifafa cha mimba, na ni sahihi kufanya hivyo kwa sababu kifafa cha mimba kinaua. Lakini zebaki nayo inaweza kuleta protini hiyohiyo. Asipojua kwamba unatumia krimu, anakosa nusu ya habari.

Kwa hiyo mwambie. Chukua kopo uende nalo. Mhudumu wa afya hayupo pale kukuhukumu kwa rangi ya ngozi unayoitaka. Yupo ili wewe na mtoto mtoke salama.

Anayetumia aache, na anayepanga kushika mimba aache mapema, kwa sababu mwili huondoa zebaki polepole na huchukua wiki nyingi hadi miezi kupungua. Aliyetumia krimu zenye steroidi kwa muda mrefu aache kwa ushauri wa daktari, kwani kukatisha ghafla kunaweza kuleta matatizo yake. Kuhusu samaki, hakuna haja ya kuwaogopa wote. Samaki wadogo kama dagaa na sambaza wa Ziwa Kivu hujikusanyia zebaki kidogo kuliko samaki wakubwa wanaokula wenzao, na protini yao mjamzito anaihitaji.

Biashara ya mipakani imewalea wengi wetu. Imesomesha watoto, imejenga nyumba Gisenyi na Kabale, imewafanya watu wa nchi tofauti waaminiane kwa neno tu. Mama anayenunua kutoka meza yako hana maabara. Anachonunua kwanza ni uaminifu wako, kisha kopo. Vitenge, viatu, mafuta ya kawaida ya ngozi, mchele na maharage vyote vinavuka na vyote vina faida, ingawa pengine faida yake ni ndogo kuliko ya mkorogo. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kitamfuata mtoto wa mtu hadi tumboni.